Santuri au Simu? Utamu wa Muziki Uko Mikononi mwa Fundi

Kuna ugomvi mpya unaingia sebuleni kwa wapenzi wa kisasa. Mmoja anataka kununua pleya ya santuri na spika za maana. Mwenzake anashangaa: nyimbo zote si zimo kwenye simu, sasa hela yote hiyo ya nini? Kabla hamjanuniana, hebu tuwekane sawa.

Kwanza, santuri si kitu cha kuchekwa. Mwaka 2022 huko Marekani ziliuzwa santuri nyingi kuliko CD, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Na kwetu pwani si ngeni hata kidogo. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi, na sauti yake ikarudi Zanzibar ikiwa kwenye sahani za santuri. Wanaozipenda husema zina joto, eti muziki wa dijitali umepoa. Wasiozipenda husema zinakwaruza tu. Nani mkweli?

HESABU ZINASEMAJE?

CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hubeba sauti iliyopimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Kutoka sauti ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, ina nafasi ya desibeli 96 hivi. Santuri hata ikijitahidi, kwa kawaida huishia kwenye 70 au chini ya hapo.

Tena santuri ina masharti yake. Besi ikizidi, sindano inaweza kuruka nje ya mfereji. Ndiyo maana wakati wa kukata sahani besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, halafu amplifaya inarudisha kila kitu mahali pake. Upande mmoja wa LP unatosha dakika 20 na ushee. Ukilazimisha zaidi, mifereji inabanana na sauti inashuka. Hata wimbo wa mwisho, ule ulio karibu na katikati ya sahani, hupoteza ung'avu kidogo.

Kwa hiyo kwenye karatasi dijitali imeshinda mchana kweupe. Sasa mbona kuna watu wanaapa kwamba albamu ileile ni tamu zaidi kwenye santuri? Si wote wanajidanganya, bwana. Mara nyingi wanasikia kazi ya fundi.

MASTERINGI NDIYO MPANGO MZIMA

Baada ya nyimbo kurekodiwa na kuchanganywa, hupita kwa fundi wa masteringi. Huyu ndiye anayesawazisha besi na sauti nyembamba, na kuamua albamu itoke na kelele kiasi gani. Kumbuka pia kwamba binadamu tuna udhaifu mmoja: ukipigiwa wimbo uleule mara mbili, ule wenye sauti ya juu kidogo utauona mtamu zaidi.

Makampuni ya muziki yaliujua udhaifu huo. Kuanzia miaka ya 1990 yakashindana kutoa CD zenye kelele kuliko za jirani. Lakini CD ina dari, haiwezi kupita pale. Dawa yao ikawa kukandamiza: sauti za juu zinabanwa, za chini zinapandishwa, kila kitu kinapiga kelele muda wote. Ngoma inapoteza mshindo, na masikio yanachoka kabla albamu haijaisha.

Mfano maarufu ni Death Magnetic ya Metallica, iliyotoka Septemba 2008. Albamu hiyo ilipatikana pia kwenye mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero, na humo nyimbo hazikuwa zimekandamizwa kama kwenye CD. Mashabiki walipolinganisha wakawaka, zaidi ya 10,000 wakasaini ombi la kutaka albamu itengenezwe upya. Fundi wa masteringi, Ted Jensen, alieleza kwamba nyimbo zilimfikia zikiwa tayari zimebanwa. Angalia vizuri hapo: CD ni dijitali, na mchezo nao ni dijitali. Kilichotofautiana ni kazi ya mafundi.

Santuri nayo ina kisa chake. Julai 2022 mafundi wa Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayosifika kwa santuri za bei mbaya, walikiri kwamba tangu 2011 nyingi kati ya sahani zao zilipitia hatua ya dijitali kabla ya kukatwa. Wapo waliokuwa wakizisifia kuwa ni analogi tupu, na masikio yao hayakuwahi kulalamika. Waliohisi wamedanganywa walikwenda mahakamani.

MFANYEJE SASA?

Msinunue sahani kwa sababu tu ni sahani. Santuri ikikatwa kutoka kwenye kazi iliyokwisha kukandamizwa, mtapata makelele yaleyale kwa bei kubwa. Ulizeni toleo ni la mwaka gani na nani alifanya masteringi. Neno "remastered" kwenye jalada lisiwababaishe, maana wakati mwingine maana yake ni kelele zimeongezwa tu.

Mkitaka kulinganisha, pigeni wimbo mmoja kwa njia zote mbili, sauti ikiwa sawasawa, na anayesikiliza asijue kipi ni kipi. Mkishindwa kutofautisha, hela hiyo pelekeni kwenye spika. Spika nzuri zitawafaa nyote wawili, wa simu na wa santuri.

Na kama bado mwenzako anaitaka santuri kwa sababu anapenda kushika jalada, kuweka sindano taratibu na kukaa na wewe dakika 20 bila kurukaruka nyimbo, hiyo nayo ni sababu. Ila asiseme ni desibeli. Aseme tu anataka mkae pamoja, halafu mpange bajeti.