Moyo Juu ya Dawati

Je, mama mwenzangu, umewahi kumwona mtoto akinyoosha mkono ashike kitu ambacho hakipo? Mimi nilimwona katika darasa la sita la shule moja ya hapa Tabora, ambako huwa naalikwa kuzungumza na watoto juu ya afya. Niliweka karatasi juu ya dawati, nikaielekezea kamera ya simu, na kwenye kioo cha simu ukatokea moyo wa binadamu, mwekundu, unadunda, kana kwamba umewekwa palepale juu ya karatasi. Kijana mmoja akapeleka kidole. Akagusa dawati tu. Wenzake wakaangua kicheko.

Jambo hili wataalamu huliita uhalisia ulioongezewa. Simu inatazama mahali halisi, kisha programu inaongeza juu yake picha ambayo waweza kuizunguka na kuiona hata kwa nyuma. Jina lake la Kiingereza lilibuniwa na Tom Caudell wa kampuni ya Boeing huko Marekani karibu na mwaka 1990, alipokuwa akitafuta njia rahisi ya kuwaonyesha mafundi mahali pa kupitisha nyaya za ndege. Hata sisi wauguzi limetufikia: kipo kifaa kinachomulika mkono wa mgonjwa na kuonyesha juu ya ngozi mishipa ya damu ilipopita. Aliyewahi kutafuta mshipa wa mtoto mnene anayelia ataelewa kwa nini nakitamani.

Siku ile nilitoka darasani nimefurahi, hadi nilipokumbuka kwamba nilipouliza damu inaingilia wapi na kutokea wapi, hakuna aliyejibu. Swali pekee nililoulizwa ni kama simu yangu ina michezo.

Hapo nikamkumbuka David Livingstone. Njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa kwetu, na pale Kwihara, nje kidogo ya mji, wageni huonyeshwa tembe alimokaa mwaka 1872. Miaka 18 kabla ya hapo, akiwa mbali na hapa, aliwaonyesha watu wa chifu Shinte picha za Biblia kwa taa maalumu. Moja ilikuwa ya Ibrahimu ameinua kisu juu ya Isaka. Alipoisogeza picha, akina mama walidhani kisu kinawajia wao, wakakimbia! Darasa langu halikukimbia, lakini kwa kweli lilipata kile kile walichopata akina mama wale: mshangao.

Nami nilikuwa na sababu ya kutaka zaidi ya mshangao. Katika darasa lile alikuwamo binti niliyemfahamu kutoka kliniki. Mtoto akiugua koo kwa sababu ya vijidudu fulani na asitibiwe, baadaye yaweza kumletea homa inayoharibu vali, yaani milango midogo ya moyo. Ndivyo ilivyompata huyu. Alipaswa kuchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, na alikuwa amekosa mara mbili. Bibi yake aliniambia, "Mwanangu, anasema haumwi kitu. Nimburute?"

Niliporudi shuleni nilipitia buchani kwanza, nikanunua moyo wa mbuzi. Mwalimu aliupasua kwa wembe, na watoto, baada ya kuziba pua kidogo, wakaushika mmoja mmoja. Wakaona kuta nene za upande mmoja na nyembamba za upande wa pili. Wakavuta vile vijingozi vyeupe ambavyo ndivyo milango yenyewe. Baada ya hapo ndipo nikatoa simu. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, hivyo ilikuwa moja tu kwa darasa zima. Walikuja watano watano, na waliosubiri walihesabu mapigo yao kwa dakika moja na kuyaandika. Safari hii walijua wanatafuta nini. Moyo wa mbuzi uliwapa kitu cha kushika, lakini ulikuwa umelala. Wa kwenye simu ulifungua na kufunga milango mbele ya macho yao.

Mama unayefundisha, hata kama ni shule ya Jumapili, pakua programu nyumbani na uijaribu kabla, maana mtandao wa shuleni waweza kukuaibisha. Chaji simu ijae, kwa sababu kazi hii inakula betri sana. Kwa wadogo ipo Quiver, iliyotoka New Zealand: mtoto anapaka rangi mchoro wa karatasi, kisha kwenye simu mchoro unasimama ukiwa na rangi zake yeye mwenyewe.

Yule binti alishika simu kupita zamu yake, na sikumnyang'anya. Kengele ilipolia alinifuata nje.

"Nesi, na mimi mlango wangu haufungi vizuri?"

Nikamweleza polepole, tukiwa wawili tu, kwamba sindano haiutengenezi mlango ulioharibika, bali inazuia ugonjwa usirudi kuuharibu zaidi.

"Kwa hiyo nisipochomwa, utazidi?"

"Waweza kuzidi."

Siku ya kliniki nilimkuta kwenye benchi pamoja na bibi yake kabla sijafungua chumba. Alinisalimu, kisha akaniomba simu amwonyeshe bibi.