Barabara ya mvinyo ya Cape: mkimbizi aliyepewa shamba na mkimbizi aliyefukuzwa

Na Mwandishi Wetu, Cape Town

MGENI akifika Cape Town huulizwa mambo mawili kabla hajafungua hata sanduku lake: ameshapanda Mlima Meza, na ameshakwenda kwenye vijiji vya mvinyo? Vijiji vyenyewe haviko mbali. Ukiondoka mjini alfajiri unaweza kupita Stellenbosch, Pniel, Franschhoek na Paarl, na ukarudi kula chakula cha jioni hotelini kwako.

Msomaji asiyekunywa, awe Muislamu wa Muscat au mlokole wa Mbeya, asiifunge makala hii. Mwandishi wa makala haya alikwenda kusoma majina. Katika sehemu hii ya Afrika Kusini, majina ya mashamba, ya barabara na hata ya watu yanaeleza nani alikaribishwa, nani aliletwa kwa nguvu na nani alifukuzwa. Kwa sisi tunaoishi nje ya nchi zetu, wengine kwa kupenda na wengine kwa kukosa la kufanya, habari hiyo inatuhusu.

Dereva wetu ni kijana wa Kikongomani, mzaliwa wa Bukavu, mmoja wa Wakongomani wengi waliokimbilia Cape Town. Kiswahili chake cha Kivu na changu cha pwani viligongana mara mbili tatu, kisha vikazoeana. Tulitoka kwa barabara kuu ya N2, tukaupita uwanja wa ndege, tukaviacha vibanda vya bati vya Khayelitsha upande wa kulia, halafu milima ya buluu ikatokeza mbele. Hapo ndipo mizabibu inapoanza, mistari iliyonyooka kama imepigwa rula.

MJI WA GAVANA

Mvinyo wa Cape ulianza pamoja na Wadachi. Jan van Riebeeck, aliyetumwa na Kampuni ya Kidachi ya India Mashariki kuanzisha kituo cha meli mwaka 1652, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba zabibu zilikamuliwa mvinyo kwa mara ya kwanza tarehe 2 Februari 1659. Miaka ishirini baadaye, 1679, Simon van der Stel alianzisha mji kiasi cha kilomita 50 mashariki ya Cape Town na kuupa jina lake: Stellenbosch.

Mji ni mzuri, hilo halina ubishi. Nyumba ni nyeupe, na barabara zimefunikwa na kivuli cha mialoni ya zamani. Ni hapa mwaka 1925 ambapo mtaalamu Abraham Perold alichanganya aina mbili za zabibu na kupata Pinotage, zabibu ambayo Afrika Kusini inajivunia kuwa ni yake. Na ni hapa mwaka 1971 ambapo wenye mashamba watatu walianzisha njia ya kwanza ya watalii wa mvinyo nchini humo.

Lakini katikati ya mji, karibu na chuo kikuu, uko msikiti ambao majirani zake hawapo. Mtaa ule uliitwa Die Vlakte. Mwaka 1964 utawala wa makaburu uliutangaza kuwa wa wazungu peke yao, na wakazi wake, wale walioitwa machotara, wakahamishwa. Nyumba nyingi zilibomolewa, msikiti ukabaki.

WALIOITWA SEPTEMBA

Nani alipanda mizabibu hii? Kati ya mwaka 1652 na 1808 watumwa wanaokadiriwa kufikia 63,000 waliletwa Cape. Kwa makadirio ya wanahistoria, karibu robo yao walitoka bara la Afrika, robo Madagaska, robo India, na waliobaki visiwa vya Indonesia. Na msomaji wa pwani asidhani habari hii ni ya wengine. Kati ya mwaka 1776 na 1778 meli za Kidachi zilipanda mpaka pwani yetu ya Waswahili kununua watu, na kumbukumbu za safari mbili kati ya hizo zimehifadhiwa hadi leo.

Mtumwa aliyefika alipewa jina jipya. Wengine waliitwa kwa jina la mwezi, na ndiyo maana mpaka leo utakutana na ukoo wa September au wa Februarie. Wengine jina lao lilibeba walikotoka: wa Bengal, wa Mozambique. Hata lugha ya Kiafrikana, ambayo makaburu waliijengea mnara juu ya mlima wa Paarl mwaka 1975, ilikuzwa pia katika vinywa vya watumwa jikoni na shambani. Miongoni mwa vitabu vyake vya mwanzo kabisa ni kitabu cha dini ya Kiislamu kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kikachapwa Istanbul mwaka 1877. Sisi ambao tenzi zetu ziliandikwa kwa herufi hizo hizo tunaweza kulielewa jambo hilo haraka kuliko wengi.

Kutoka Stellenbosch barabara inapanda mlima kwenye kipito cha Helshoogte, kisha inashuka kwenye kijiji cha Pniel. Sheria ya Waingereza ilikomesha utumwa tarehe 1 Desemba 1834, lakini ikawalazimisha walioachwa huru kuwatumikia mabwana wao miaka minne zaidi, mpaka tarehe 1 Desemba 1838. Mwaka 1843 ilianzishwa misheni hapa kwa ajili yao, wapate mahali pa kujenga. Jina ni la Biblia, Penieli, pale Yakobo aliposhindana mweleka mpaka alfajiri. Watalii wengi hupita Pniel bila kupunguza mwendo.

MSHAHARA KATIKA KIKOMBE

Uhuru ulikuja, lakini bwana mwenye shamba alibaki ni yule yule. Ukaendelea utaratibu ulioitwa "dop": mfanyakazi analipwa sehemu ya ujira wake kwa vikombe vya mvinyo duni, asubuhi, mchana na jioni. Mtu akishazoea kikombe haendi mbali na anayekijaza. Sheria iliupiga marufuku katika miaka ya 1960, lakini katika mashamba mengi uliendelea kwa miongo kadhaa baadaye. Madhara yake yanaonekana hadi leo. Jimbo la Western Cape lina kiwango kilicho miongoni mwa vya juu kabisa duniani cha watoto wanaozaliwa wakiwa wameathiriwa na pombe tangu tumboni.

Dereva wetu, ambaye alipofika nchini alianza kwa kuchuma zabibu msimu mmoja, alieleza kwamba kazi huanza kabla jua halijawa kali na mgongo ndio unaotangulia kuchoka. Aliniita "mzee" kwa heshima ya kwao, akaniuliza kama Ulaya nako wanaochuma ni wageni. Nikamjibu kwamba nako mara nyingi ni wageni.

MNYORORO WA MWANAMKE

Bonde la Franschhoek liko mbele ya Pniel, mwendo wa kama dakika ishirini. Maana ya jina ni Pembe ya Wafaransa. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 aliifuta amri iliyowalinda Waprotestanti wa Ufaransa, na maelfu yao, Wahuguenot, wakaikimbia nchi. Kuanzia mwaka 1688 wapatao mia mbili walipokelewa Cape, wakapewa ardhi katika mabonde haya, ardhi ambayo Wakhoikhoi walikuwa wakichungia mifugo yao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mwenyeji hakupona.

Mashamba yakaitwa kwa majina ya kwao: La Motte, La Provence, Bourgogne. Lugha yao ilikufa baada ya vizazi vichache, lakini koo za de Villiers, du Toit, Joubert na Malan zingali zipo kila mahali. Wakimbizi hao, baada ya muda mfupi, wengi nao wakawa na watumwa.

Mwishoni mwa mji uko mnara wao, uliozinduliwa mwaka 1948, mwaka ule ule makaburu waliposhika serikali na kuanza kuuandika ubaguzi katika sheria. Mbele yake amesimama mwanamke wa jiwe, mkono mmoja ameshika Biblia na mwingine mnyororo uliokatika. Ni mnyororo wa mateso ya Wahuguenot huko Ufaransa. Wale ambao minyororo yao ilikuwa ya chuma, wajukuu wao wako upande wa pili wa bonde.

Tukitoka hapo kwenda Paarl tulilipita gereza lililoitwa Victor Verster, sasa Drakenstein. Langoni kwake Nelson Mandela alitoka kwa miguu tarehe 11 Februari 1990, na tangu mwaka 2008 iko sanamu yake, ngumi juu. Siku tisa kabla ya kutoka kwake, vyama vilivyopigwa marufuku vilikuwa vimefunguliwa, na maelfu ya Waafrika Kusini waliokuwa wakimbizi Dar es Salaam, Lusaka na London wakaanza kurejea kwao.

HANDAKI

Hatukuishia Paarl. Barabara ya N1 inaingia chini ya milima katika handaki la karibu kilomita nne, lililofunguliwa mwaka 1988. Jina lake ni Huguenot. Ukitokea upande wa pili na kuupita mji wa Worcester unafika De Doorns, bonde la zabibu za kula.

Hapo, mwezi Novemba 2009, Wazimbabwe wapatao 3,000 walifukuzwa katika vibanda vyao kwa madai kwamba wanakubali ujira mdogo. Walihamishiwa kwenye mahema katika uwanja wa michezo. Na hapo hapo, Novemba 2012, ulianza mgomo wa wafanyakazi wa mashamba waliokuwa wakilipwa kima cha chini cha randi 69 kwa siku. Walidai 150. Watu walipoteza maisha kabla ya serikali kutangaza randi 105 kuanzia Machi 2013. Waliomfukuza jirani kwa sababu ya ujira walikuja kugundua kwamba ujira mdogo ulikuwepo hata alipokuwa hayupo.

Yapo mabadiliko, na ni haki kuyataja. Mwaka 2004 Ntsiki Biyela, binti kutoka kijijini KwaZulu-Natal ambaye alikuwa hajawahi kuonja mvinyo kabla ya kwenda kuusomea Stellenbosch, alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuwa mtengenezaji mkuu wa mvinyo nchini humo. Baadaye alianzisha mvinyo wake mwenyewe, akaupa jina la bibi yake, Aslina. Lakini ardhi yenyewe bado kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa wale wale.

Msomaji ukijaliwa kufika Cape, nenda kwenye vijiji vya mvinyo. Uzuri wake hausimuliki. Mnara wa Franschhoek nao utazame, kwani mtu aliyeteswa kwa dini yake alistahili kupokelewa. Ila ukishautazama, simama Pniel, nunua hata chai, uwaulize wenyeji ukoo wao. Na ukifika kwenye handaki, kumbuka kwamba jina lililoandikwa juu ya lango lake ni la wakimbizi, na kwamba wakimbizi wengine wamelipita ndani ya lori kwenda kuchuma zabibu.