Barua za Tawi Zikae Wapi?



Katibu wa tawi siku hizi ana anwani nyingi kuliko funguo za nyumba yake. Anayo ya barua pepe aliyoifungua mwenyewe miaka ya nyuma, pengine ya Yahoo. Anayo ya Gmail iliyokuja na simu. Anayo ya tawi, ile iliyochapwa juu ya karatasi za barua na kupigwa muhuri. Na kama ni karani au msimamizi kiwandani, anayo pia aliyopewa na mwajiri, yenye jina la kampuni mkiani. Barua za wanachama huingia kote huko. Ya mkaguzi wa kazi inaingia hapa, ya makao makuu kule, na ya mwanachama aliyesimamishwa kazi inaingia mahali ambapo hapajafunguliwa tangu mwezi wa tatu.

Matawi kadhaa yametuuliza: je, ipo programu ya kompyuta inayoweza kuziweka anwani zote hizo mbele ya katibu kwa pamoja? Na kama zipo nyingi, ipi inafaa?

Swali hili si dogo. Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, imeweka ngazi. Mgogoro wa mfanyakazi mmoja huanzia kwa wawakilishi wa wafanyakazi. Wakishindwa kuusuluhisha unapelekwa kwa mkaguzi wa kazi wa mahali hapo, kisha kwa mkaguzi wa ngazi ya taifa, ndipo mahakamani. Kila ngazi ina barua zake. Barua moja ikipotea njiani, mwenye madai anabaki na maneno ya mdomo mbele ya mwajiri mwenye faili nene.

Tumelishughulikia swali hili Gisimenti, hapa Remera, mjini Kigali, kwa sababu Gisimenti ndipo makatibu wengi wanapofanyia kazi hiyo bila kupanga. Katibu anatoka shamba la chai, anashuka Nyabugogo, anachukua basi la Remera, na kabla ya kwenda ofisini anaingia katika papeteri au saiba iliyo karibu. Hapo ndipo watu wanapotoa fotokopi, wanapojaza fomu za Irembo, na hapo ndipo anapofungua barua zake, anwani moja baada ya nyingine, akiandika maneno ya siri manne kwenye mashine ambayo nusu saa iliyopita ilikuwa na mtu mwingine na nusu saa ijayo itakuwa na mwingine tena. Akisahau kujitoa, faili la tawi linabaki wazi mezani. Wenye maduka hawana kosa. Wao wanauza dakika na karatasi. Kutunza siri za chama si kazi waliyoajiriwa.

Vijana wanaotengeneza kompyuta mtaani wana jibu lao la haraka: "Mzee, zielekeze zote ziingie kwenye Gmail moja, mambo yameisha." Ushauri huo una wema ndani yake, lakini sisi hatuupendi. Barua zikishamiminwa zote katika chungu kimoja, katibu anajibu mkaguzi wa kazi kwa anwani yake ya nyumbani, na majibu yanarudi nyumbani, si kwenye tawi. Akiacha uongozi kesho, anaondoka na mawasiliano ya wanachama mfukoni, hata kama hakukusudia. Anwani za kazi mbalimbali zionekane pamoja, ndiyo, lakini kila moja ibaki na mlango wake.

Hapo ndipo programu ya barua ya kwenye kompyuta inapoingia. Ni kitu tofauti na kufungua Gmail katika intaneti. Programu hiyo inakaa ndani ya mashine ya tawi, inakwenda yenyewe kwa kila kampuni ya barua, inachukua zilizofika, na kuzipanga. Mwenye kukumbuka masjala ya ofisi za zamani ataelewa upesi: karani mmoja, kabati moja, lakini jalada la kila idara na rangi yake.

Inazichukua kwa njia mbili, na yafaa katibu azijue kwa sababu atakapoweka anwani ataulizwa. Ya kwanza inaitwa POP, ya tangu mwaka 1984. Hiyo ni kama kwenda posta, kufungua sanduku, na kubeba barua zote nyumbani. Kama hukuagiza nakala ibaki, sanduku linabaki tupu, na kompyuta ikiibwa barua zimekwenda nayo. Ya pili ni IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Katika IMAP barua yenyewe inabaki posta, yaani kwenye seva ya kampuni, na mashine yako inatunza nakala. Ukiisoma kwenye kompyuta, simu nayo inajua kwamba imesomwa. Kwa tawi lenye katibu na naibu wake, tunashauri IMAP. Lakini ijulikane pia kwamba ukifuta barua kwenye IMAP umeifuta kila mahali, hata kwa naibu.

Faida yake kubwa kwa watu wa mashambani ni kwamba barua zilizokwisha kuletwa zinasomeka bila intaneti. Bando likiisha tarehe ishirini, faili halifungwi. Katibu anaandika majibu yake usiku, anayaweka yasubiri, na siku akipata mtandao yote yanakwenda kwa mara moja. Si jambo jipya kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti haijaenea katika Afrika ya Mashariki, barua pepe nyingi za huku zilisafiri kwa mtandao wa Fido, ambao Tom Jennings aliubuni San Francisco mwaka 1984: mtu aliandika kwa nafasi yake, halafu kompyuta ikapiga simu kwa saa iliyopangwa, ikatoa na kupokea mzigo mzima, ikakata. Wakati ule gharama ya simu ndiyo iliyowafundisha watu nidhamu hiyo. Leo ni bei ya bando.

Sasa tuje kwenye uchaguzi.

Kompyuta nyingi tulizoziona zilikuwa na ile programu ndogo ya barua iliyokuja na Windows. Hiyo imekufa. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2024, na tangu hapo haipokei wala haitumi. Mahali pake imewekwa Outlook mpya, ya bure, yenye matangazo ya biashara. Ilipoanza kusambazwa mwaka 2023, jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo heise lilieleza kwamba ukiingiza humo anwani ya kampuni nyingine, neno la siri na barua zenyewe hupitishwa kwenye seva za Microsoft. Maelezo ya Microsoft yenyewe yanasema barua hizo husawazishwa kwenye seva zake. Mtu binafsi huenda asijali. Chama chenye majina ya wanachama, namba zao za vitambulisho na madai yao, hakina haja ya kumwongeza mtu wa tatu katika mazungumzo ya watu wawili. Tena tangu mwaka 2021 ipo sheria namba 058/2021 inayolinda taarifa za watu binafsi, na sisi viongozi wa wafanyakazi tungeona haya kuwadai waajiri waifuate huku wenyewe tukiacha orodha ya wanachama ikizurura.

Outlook ya zamani, ile inayouzwa pamoja na Office, ina nguvu na makarani wengi wameizoea. Lakini ni ya kulipia, na hatuoni kwa nini ada ya mchuma chai iende huko. Ile iliyowekwa bila leseni hatuizungumzii. eM Client ni nzuri kwa sura, ila leseni yake ya bure ni kwa matumizi ya mtu binafsi tu, na anwani 2. Wenye Linux wanayo Evolution, isiyo na neno.

Tunayoipendekeza kwa matawi mengi ni Thunderbird. Ni ya bure kabisa, idadi ya anwani haina kikomo cha leseni, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inapatikana kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, jambo linalowafaa makatibu wetu waliosoma katika nyakati tofauti. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004. Mwaka 2012 shirika la Mozilla lilitangaza kwamba halitaweka tena nguvu kubwa katika kuiendeleza, na wengi wakadhani imekwisha. Haikuisha. Watu waliokuwa wakiitumia waliibeba wenyewe, na mpaka sasa sehemu kubwa ya fedha zake ni michango midogo midogo ya watumiaji. Wanaolipa ada ya chama hawatahitaji kuelezwa jinsi jambo hilo linavyowezekana.

Ndani yake kila anwani ina tawi lake upande wa kushoto, na tangu toleo la mwaka 2024 unaweza kuipa kila anwani rangi. Ukitaka, unaziona barua mpya za anwani zote katika orodha moja, lakini kila barua inabaki mali ya anwani iliyoipokea, na ukijibu, jibu linatoka kwa anwani hiyo hiyo. Andika jina la mwanachama katika nafasi ya kutafutia, na barua zake kutoka pande zote zinajitokeza. Katibu aliyewahi kutafuta barua ya likizo ya uzazi ya miaka miwili iliyopita huku mkaguzi akisubiri kwenye simu atajua thamani yake.

Yapo mambo ya kuangalia. Unapoanza barua mpya, tofauti na kujibu, tazama mstari wa juu unaoonyesha anwani inayotuma, kwa maana programu inaweka ile iliyopo mbele yake. Anwani ya tawi ndiyo ifanywe ya kwanza. Siku ya kuweka anwani yenye barua maelfu, programu itataka kuzileta zote na kulimeza bando lote kabla ya chai ya saa nne. Ingia mapema katika mipangilio ya anwani, uiambie ilete za siku 30 za karibuni tu, na barua zenye viambatisho vizito iziache mpaka uziombe. Nyingine utazileta siku ukiwa mahali penye mtandao wa bure. Gmail na Yahoo zitakufungulia ukurasa wao uthibitishe mwenyewe. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa.

Kuna suala la ulinzi. Thunderbird inakumbuka maneno ya siri, na yeyote anayekalia kiti chako anaweza kuyaona kama hukuweka neno kuu la siri la programu. Liweke. Lakini neno hilo halizifichi barua zilizokwisha kuingia kwenye mashine, kwa hiyo kompyuta yenyewe nayo iwe na ufunguo wake. Kwa sababu hiyo hiyo programu hii haiwekwi kwenye mashine ya saiba, wala ya ofisi ya mwajiri. Ni ya kompyuta ya tawi au ya mtu anayeaminika. Kompyuta ya zamani yenye Windows 10, ambayo huduma zake za kawaida zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, inaweza kuwekewa Linux Mint, na humo Thunderbird inakuja imeshawekwa tayari. Tawi lisilo na kompyuta lisikate tamaa: tangu Oktoba 2024 ipo Thunderbird ya simu za Android, ingawa faili kubwa kwenye kioo kidogo ni mateso.

Tumeulizwa kama anwani ya mwajiri nayo iingizwe. Jibu letu ni hapana. Seva ni yake, funguo ni zake, na akitaka anaweza kusoma kila kilichopita humo. Siku ukiachishwa, anwani inafungwa kabla hujafika langoni, na barua zako ziko ndani. Mwanachama akikuandikia huko kuhusu madai yake, usimjibu huko. Mpigie simu, mpe anwani ya tawi. Na anwani ya tawi isifunguliwe kwa namba ya simu ya katibu peke yake, bali namba na anwani ya kuirudisha zijulikane na viongozi wawili.

Wala tusidanganyane kwamba programu inazirudisha barua Rwanda. Zilizo Gmail ziko kwa Google, ziwe zinasomwa kwa Thunderbird au vinginevyo. Tunachopata ni nakala iliyo mikononi mwetu, na nakala hiyo ndiyo inayotufaa siku anwani ikifungiwa au Gmail ikijaa zile gigabaiti 15 za bure. Programu hutunza kila kitu katika folda moja. Mara moja kwa mwezi katibu aifunge programu, ainakili folda hiyo kwenye diski ya nje, na diski ikae kwenye kabati la tawi, isirudi naye nyumbani.

Hapo ndipo tumekuta udhaifu zaidi kuliko kwenye programu zenyewe. Uongozi ukibadilika, makabidhiano huandikwa vizuri: muhuri, daftari la ada, risiti, ufunguo wa kabati, viti sita. Katika hati hiyo hiyo, chini ya viti, iandikwe anwani ya barua pepe ya tawi, tarehe neno la siri lilipobadilishwa na mbele ya nani, na kwamba diski ya nakala imefunguliwa, imeonekana inasomeka, na imepokelewa.