Seli Inayokataa Kufa: Ikibagarira, Vipokezi na Kazi ya Mwalimu wa Lugha

Mfugaji wa Mahoko, katika sekta ya Kanama wilayani Rubavu, akimwona ng'ombe wake amevimba tezi chini ya sikio, ana homa, anahema kwa shida na hataki majani, husema ana ikibagarira. Nchini Tanzania ugonjwa huohuo huitwa ndigana kali. Majina haya yanatosha sokoni na kwa daktari wa mifugo. Darasani hayatoshi. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, ni haki ya mwanafunzi kumwuliza mwalimu kwa Kiswahili: ng'ombe mzima anauawaje na kimelea asiyeonekana kwa macho? Jibu lake limo katika namna seli za kinga zinavyoruhusiwa kuishi na zinavyoamriwa kufa. Katika makala haya tutalieleza jambo hilo, na njiani tutasimama kidogo kwenye istilahi mbili zinazotusumbua.

Tuanze na kufa. Seli nyingi za mwili hubeba zana za kujimaliza zenyewe. Zana hizo ni vimeng'enya viitwavyo kaspezi, ambavyo hukaa vimelala mpaka viamshwe, kisha hukatakata protini za seli kutoka ndani. Seli husinyaa, humegeka vipande, na seli jirani huvimeza vipande hivyo bila kuleta uvimbe wala usaha. Mwaka 1972 wataalamu Kerr, Wyllie na Currie walilipa jambo hili jina la Kigiriki lenye maana ya kupukutika, kama majani yapukutikavyo mtini. Nasi tunalitohoa kuwa apoptosisi. Katika mnyoo mmoja mdogo wa udongoni, anayependwa sana na watafiti, huzaliwa seli 1,090 za mwili na 131 kati yake hufa kwa njia hii, tena karibu zilezile katika kila mnyoo. Utafiti wa mnyoo huyo ulipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Wengine husema "kifo cha seli kilichopangwa". Hatukipendi sana kirai hiki. Kitenzi "kupangwa" humfanya mwanafunzi atafute aliyepanga, na kifo chenyewe kikasikika kama njama. Kiswahili kina kitenzi "-fisha", na tukisema seli "inajifisha" mtenda anajulikana papo hapo: ni seli yenyewe, kwa zana zake. Wasomaji wanaopenda "apoptosisi" hatuwagombezi.

Istilahi ya pili ni "kipokezi". Neno limeshazoeleka, lakini humwonyesha msomaji mtu apokeaye mzigo na kuuingiza ndani. Kipokezi cha seli ya kinga, katika kutoa ishara, hakihitaji kuingiza chochote. Ni protini iliyopenya utando wa seli, ncha moja nje na nyingine ndani. Nje kikishikwa, ndani panatikisika. Mfano wa kwetu ulio karibu zaidi ni hodi: mgeni habebwi na sauti yake, bali walio ndani ndio wanaoinuka.

Sasa wanaoinuka ni akina nani? Tuchukue limfosaiti, yaani seli nyeupe ya damu, ya aina ya T. Kipokezi chake kinapoinasa antijeni yake, na seli inayoionyesha antijeni hiyo ikatoa ishara ya pili ya kuithibitisha, ujumbe hupita kutoka protini hadi protini mpaka kufika kwenye kundi liitwalo IKK. Wakati huo protini iitwayo NF-kappa B, iliyogunduliwa na Sen na Baltimore mwaka 1986, imefungwa katika saitoplazimu na mlinzi wake, I-kappa B. Kazi ya IKK ni kumtia mlinzi alama ya fosfeti. Mlinzi mwenye alama hiyo huvunjwavunjwa, na NF-kappa B, ikiwa huru, huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni. Baadhi ya jeni hizo ni za kuzalisha protini zinazozuia kaspezi. Basi seli iliyopigiwa hodi huongezeka na haijifishi.

Vita vikiisha antijeni hutoweka, hodi hukoma, na seli nyingi kati ya zilizoongezeka hufa. Chache hubaki kuweka kumbukumbu. Bila hivyo tezi zetu zingebaki zimevimba kila baada ya mafua.

Mwanafunzi asiandike, hata hivyo, kwamba ishara ya kipokezi huokoa seli siku zote. Atapata nusu ya alama. Katika tezi ya thaimasi, limfosaiti changa inayoushika mwili wake wenyewe kwa nguvu mno hujifisha kwa sababu ya ishara hiyohiyo. Vilevile kuna kipokezi kiitwacho Fas ambacho hodi yake ni ya kifo.

Hapa ndipo tunapomrudia ng'ombe. Kupe wa masikio anaponyonya damu humwingizia kimelea Theileria parva, naye huingia ndani ya limfosaiti. Hajifichi katika kifuko kama vimelea wengine wafanyavyo. Hukaa wazi ndani ya saitoplazimu. Mwaka 2002 Volker Heussler na wenzake walionyesha kwamba kimelea huyu huyakusanya makundi ya IKK juu ya ngozi yake mwenyewe, na hapo IKK huwaka mfululizo. Hakuna antijeni nje wala kipokezi kilichoshikwa. Anayepiga hodi yumo ndani ya nyumba, wala hanyamazi. Limfosaiti hiyo hugawanyika bila kikomo, na kila inapogawanyika kimelea hushikamana na nyuzi zinazovuta kromosomu, akagawanywa pamoja nazo. Kwa tabia hii seli inafanana sana na seli ya saratani.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni dawa. Buparvakwoni humuua kimelea. Kimelea akishakufa, hodi hukatika, na seli ambayo ilikuwa haifi hurudi kuwa ya kawaida na kujifisha. Ndiyo maana muda ni jambo kubwa. Tezi zikiwa zimevimba tu, dawa huokoa. Limfosaiti zikishajazana mapafuni na maji kuanza kuingia humo, kumuua kimelea hakuondoi maji, na ng'ombe hufa huku povu likimtoka puani. Ng'ombe wa kigeni na chotara wa maziwa huathirika zaidi kuliko Ankole wa asili. Kwa familia iliyopata ng'ombe mmoja kwa mpango wa Girinka, ulioanza Rwanda mwaka 2006, siku mbili za kusubiri zinaweza kuwa ndizo maziwa yote ya nyumba hiyo.

Kinga ipo. Ilitengenezwa Muguga, nchini Kenya, katika miaka ya 1970, na imetumika sana kwa ndama wa Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania. Ndama huchomwa sindano ya vimelea hai, na siku hiyohiyo hupewa oksitetrasiklini ya kukaa muda mrefu mwilini ili kuwapunguza kasi. Limfosaiti za kuua hupata nafasi ya kuwatambua. Hizo hazishughuliki na hodi hata kidogo: huutoboa utando wa seli yenye kimelea na kuingiza vimeng'enya vyake, na seli hufa hata kama IKK ingali inawaka. Tunaiita chanjo, ingawa mwanafunzi makini atauliza kama neno hilo linafaa, kwa kuwa ndama huyu ameambukizwa ikibagarira yenyewe, na wengi wa namna yake hubaki na vimelea wachache mwilini kwa muda mrefu.