Wauguzi wa Wagonjwa Mahututi: Kazi Yao ni Ipi?



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, mizani ya majani ya chai na vumbi la saruji. Safari hii nataka tuzungumze juu ya wafanyakazi wenzetu ambao wengi wetu hatuwaoni mpaka siku mbaya itufike, yaani wauguzi wanaowahudumia wagonjwa mahututi. Baadhi yenu mtauliza, chama cha wafanyakazi kina jambo gani na wodi ya hospitali? Jibu ni fupi. Mchuma chai aliyepinduliwa na lori la majani, fundi aliyeanguka kutoka juu kiwandani, mwenzetu aliyevuta dawa ya kunyunyizia mpunga kule Bugarama, wote hao wakizidiwa huishia mikononi mwa muuguzi huyo. Basi yafaa tuijue kazi yake kama tunavyoijua yetu.

Mgonjwa mahututi ni yule ambaye mapafu, moyo, figo au ubongo wake umeshindwa kazi, au uko karibu kushindwa, na bila msaada wa saa kwa saa atakufa. Wodi yao Wafaransa huiita reanimasio, na hapa Kamembe watu wengi wanalijua jina hilo. Wengi hudhani kwamba kinachomwokoa mtu humo ndani ni mashine. Mashine zinasaidia, sikatai, lakini kazi hiyo haikuanza na mashine. Ilianza na macho na mikono ya watu.

Katika vita vya Crimea, kuanzia mwaka 1854, Mwingereza Florence Nightingale aliongoza wauguzi waliotunza askari majeruhi, na husemwa kwamba wale walio hoi kabisa waliwekwa karibu na wauguzi ili waonekane kila wakati. Hilo ndilo jiwe la msingi: mgonjwa mzito asiachwe mbali na macho.

Jiwe la pili liliwekwa Denmark. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulipatwa na ugonjwa wa polio uliolegeza misuli ya kupumulia, na wagonjwa walikuwa wakikata roho kwa kukosa pumzi. Hospitali haikuwa na mashine za kutosha. Daktari mmoja wa usingizi, Bjørn Ibsen, aliagiza msichana wa miaka 12 atobolewe koo, akaingiza mpira na kumpulizia hewa kwa mfuko wa kubanwa kwa mkono. Msichana akanusurika kifo. Lakini mkono wa nani utabana mfuko huo mchana na usiku, kwa wiki nyingi, tena wakati mwingine kwa wagonjwa 70 kwa pamoja? Waliitwa wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500, wakapangwa kwa zamu kama sisi kiwandani, mmoja akichoka mwingine anashika. Wauguzi walikuwa pale pale, wakifyonza makohozi kooni na kumlinda kila mgonjwa. Kabla ya hapo, katika wagonjwa 100 wa namna ile walikufa zaidi ya 80. Baada ya hapo vifo vikashuka hadi nusu ya hivyo. Mwaka uliofuata, 1953, Ibsen akaanzisha wodi maalumu ya wagonjwa mahututi, na mfano huo ukaenea duniani. Marekani nako, mwaka 1969, wauguzi wa wagonjwa mahututi wa moyo waliunda chama chao wenyewe, kwa sababu waliona kazi yao imekuwa fani inayohitaji mafunzo yake.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Miaka michache iliyopita nilikwenda kumtazama mwenzetu aliyeumia kichwa kazini, akalazwa katika hospitali moja kubwa mbali na hapa. Nilivalishwa gauni na barakoa, nikanawishwa mikono, nikapewa dakika chache. Mwenzetu alikuwa na mpira kooni, hajui nani kaingia nani katoka. Muuguzi alikuwa mama wa makamo. Aliweka sikio la kupimia kifuani, akafyonza makohozi, akamulika macho yake kwa tochi kuona kama mboni zinasinyaa sawasawa, akapima mkojo uliotoka katika saa ile moja na kuuandika. Kisha akaita mwenzake wakamgeuza ubavu wa pili, kwa maana mtu asiyejigeuza hupata vidonda mgongoni, na vidonda hivyo vyaweza kumwua hata kama kichwa kimepona. Akamsafisha kinywa. Kitanda kiliinuliwa upande wa kichwa ili matapishi yasiingie mapafuni. Mambo madogo hayo, ambayo mtu angeyadharau, ndiyo yanayozuia homa ya mapafu.

Mara mashine ikalia. Yule mama hakuitazama mashine, alimtazama mgonjwa. Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu kwamba mashine hulia hata waya ukichomoka tu, lakini kifua kisipoinuka hakuna mjadala. Halafu akazungumza na mgonjwa kwa jina lake, akimweleza anachotaka kumfanyia, ingawa hakupata jibu. Akatugeukia sisi ndugu na kutueleza hali kwa maneno tuliyoyafahamu. Daktari alipopita, ni yeye aliyemwambia kwamba tangu usiku presha imekuwa ikiteremka polepole. Daktari huja na kwenda, anao wagonjwa wodi nyingine. Anayekaa ni muuguzi, na mabadiliko yakianza ni yeye wa kwanza kuyaona. Akichelewa robo saa, maiti.

Zamu ile alikuwa na wagonjwa watatu wa namna hiyo peke yake. Hapo ndipo mimi, mtu wa chama, masikio yalinisimama. Katika nchi nyingi kanuni inayokubalika ni muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja anayepumuliwa na mashine, au kwa wagonjwa wawili wa mahututi. California, huko Marekani, wauguzi waliipigania idadi ya wauguzi kwa wagonjwa kupitia chama chao mpaka sheria ikapitishwa mwaka 1999 na kuanza kutumika hospitalini mwaka 2004, na katika wodi ya mahututi muuguzi hapewi zaidi ya wawili. Mwajiri hupenda kusema kwamba idadi ya wafanyakazi ni shauri lake. Lakini sisi tunajua mtu mmoja akipewa mashine tatu za kuangalia, moja itaharibika. Tofauti ni kwamba chai iliyoungua hutupwa, na mtu hazikwi mara mbili.

Hapa Rwanda kazi hii imepiga hatua. Muuguzi, ambaye kwa Kinyarwanda tunamwita umuforomo, huanzia ngazi ya A2 ya sekondari, kisha A1 ya diploma, kisha A0 ya digrii. Tangu mwaka 2008 lipo Baraza la Taifa la Wauguzi na Wakunga, linalowaandikisha na kusimamia kazi yao. Chuo Kikuu cha Rwanda kilianza mwaka 2015 kufundisha digrii ya pili ya uuguzi, na moja ya matawi yake ni huduma ya wagonjwa mahututi na majeruhi. Ni jambo la kujivunia, ila waliosoma hivyo bado ni wachache, na wengi hubaki miji mikubwa.

Nao wanalipa gharama. Tarehe 27 Septemba 2024 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia nchini. Uchunguzi ulionyesha kwamba mgonjwa wa kwanza aliambukizwa katika pango la machimbo lenye popo. Sikieni basi, mfanyakazi wa machimbo huenda akaingia pangoni kutafuta riziki, na ugonjwa wake ukawashika waliomhudumia! Waliothibitishwa kuugua walikuwa 66, na karibu 80 katika kila 100 walikuwa wafanyakazi wa afya, wengi wao wa hospitali mbili za Kigali. Walikufa watu 15. Huko Angola, mwaka 2004 na 2005, waliugua 252 wakafa 227. Dawa mpya zilisaidia, nalo hilo lisemwe, lakini pia wagonjwa wawili ambao viungo vyao vilikuwa vimeshindwa kazi walipumuliwa kwa mashine, wakatolewa mpira, wakapona. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alisema mwezi Oktoba kwamba wanaamini hilo ni la kwanza barani Afrika kwa ugonjwa huo. Aliyekaa kando ya kitanda hicho zamu baada ya zamu, huku akijua wenzake wanaugua, ni muuguzi. Tarehe 20 Desemba 2024 ugonjwa ulitangazwa kwisha.

Turudi nyumbani Rusizi. Tunazo hospitali za Gihundwe na Mibilizi, na wanafanya kazi nyingi. Lakini aliyezidiwa kabisa mara nyingi hupelekwa Huye au Kigali, zaidi ya kilomita 200 hadi Kigali, barabara ikipita katika msitu wa Nyungwe kwa kona na ukungu. Safari yote hiyo ni kazi ya uuguzi mahututi ndani ya gari: oksijeni isikatike, dripu isichomoke, koo lisizibe. Anayesindikiza akiwa hana mafunzo, gari linabeba mtu aliye hai na kufikisha habari za msiba.

Kwa hiyo wajumbe wa matawi viwandani na mashambani, mkikutana na uongozi mwezi huu, ulizeni mambo haya. Nani kazini anajua kumlaza aliyezimia ubavu ili asipaliwe na ulimi au matapishi? Je, namba 912 ya magari ya dharura imebandikwa mahali pa kuonekana, na simu ya kuipiga ipo hata zamu ya usiku? Je, kila mmoja wetu, pamoja na vibarua, ameandikishwa kwenye bima ya ajali za kazini? Na mkikaa na wenzetu wa hospitali ya wilaya, waulizeni swali moja zaidi: usiku wako wauguzi wangapi, na kwa wagonjwa wangapi? Majibu yaandikwe na yaletwe ofisini.