Diski ya Pili Katika Kompyuta ya Tawi



Tangu matawi yetu yalipoanza kuweka orodha za wanachama na michango katika kompyuta, swali moja limekuwa likiturudia: kompyuta imejaa, je, tuchange faranga tununue nyingine? Jibu letu ni kwamba mara nyingi hapana haja. Kompyuta ya mezani, ile yenye sanduku lake la chuma, yaweza kuongezewa diski ya pili humo humo ndani, na kazi yenyewe haimshindi mtu aliyezoea kufungua mashine na kuifunga. Lakini kujaa si sababu kubwa. Sababu kubwa ni ile iliyotupata sisi wenyewe.

Alifika ofisini kwetu mzee mmoja, mchuma chai aliyestaafu, kutoka milimani. Alikuwa akifuatilia haki yake INSS, na miaka kadhaa ya kazi yake haikuonekana katika hesabu. Alijua kwamba tawi lake lilikuwa limepiga picha hati za mshahara za wanachama wote na kuzihifadhi. Ni kweli, tulikuwa tumezihifadhi. Zilikuwa katika kompyuta moja, juu ya diski moja, na diski hiyo ilikuwa imekufa wiki mbili kabla hajafika. Kosa lilikuwa letu, wala hatukuwa na la kumwambia.

Yafaa basi tueleze diski ni kitu gani. Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea karibu mno na uso wa sahani bila kuugusa. Wenzetu wa viwandani wataelewa mara moja: ni mashine yenye mota na beringi, nayo huchakaa kama mashine nyingine. Kampuni ya IBM ilipotoa diski yake ya kwanza mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, uzito wake ulikaribia tani moja, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Leo diski ya uzito usiofika kilo moja hubeba terabaiti moja, yaani herufi milioni mara milioni. Ukurasa mmoja wa hati ukipigwa picha vizuri huchukua kiasi cha megabaiti moja, kwa hiyo diski hiyo yatosha kurasa zinazokaribia milioni. Hakuna tawi letu lenye karatasi nyingi namna hiyo. (Kompyuta ikikuonyesha gigabaiti 931 badala ya 1,000 usiende kugombana na mwenye duka, ni namna mbili za kuhesabu kitu kile kile.)

Ipo pia diski isiyozunguka, ambayo mafundi huiita SSD. Ni nyepesi, ni ya haraka, haiogopi kutikiswa, lakini kwa nafasi ile ile bei yake iko juu. Shauri letu kwa matawi ni hili: kama mfuko unaruhusu, programu zikae juu ya SSD ndogo, na hati na picha zikae juu ya diski kubwa ya kuzunguka. Na SSD si kitu cha kufungia kabatini miaka mingi bila kupata umeme, kwa maana huweza kusahau kilichomo.

Kabla ya kununua chochote, hapana budi kufungua sanduku na kutazama. Tumeona katibu wa tawi akishuka mjini kununua diski, akarudi nayo kwa basi, ndipo akagundua kwamba haina pa kukaa. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki utoke. Ondoa ubavu wa sanduku. Shika kwanza chuma kitupu cha sanduku, kwa sababu mwili wa binadamu hubeba umeme kidogo usiouhisi, nao huweza kuua chipu. Kikasha cha umeme, kile chenye feni nyuma, usikifungue kamwe. Ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomoa.

Humo ndani tafuta nafasi. Diski kubwa huitwa ya nchi tatu na nusu, ndogo ya nchi mbili na nusu, na mbele ya sanduku huwa na vyumba vya chuma vya kipimo hicho. Kompyuta nyingi za ofisi zinazouzwa Bujumbura ni zile zilizokwisha kutumika Ulaya au zilizopitia Dubai, na nyingi kati yake ni nyembamba: zina chumba kimoja tu, nacho kimekaliwa. Usikate tamaa. Kile kifaa cha kusomea CD, ambacho siku hizi hakuna anayekigusa, kimekalia chumba kizuri, na pia kina tundu lake la umeme na waya wake wa habari. Kitoe, nunua fremu ndogo ya kupunguzia upana, na diski itakaa pale. SSD, kwa kuwa haina kinachozunguka, yaweza hata kufungwa ubavuni kwa mkanda wa plastiki. Ya kuzunguka usiifanyie hivyo. Ikitetemeka kichwa hukosa njia yake.

Tazama pia ubao mkuu wa kompyuta kama una tundu la habari lililo wazi. Linaitwa SATA, ni dogo, bapa, na umbo lake ndani limepinda kama herufi L. Waya wake una ncha saba, na haupaswi kuzidi mita moja. Waya wa umeme wa diski unafanana nao lakini ni mpana zaidi, una ncha 15. Katika baadhi ya kompyuta za ofisini waya huo hautoki katika kikasha cha umeme bali katika ubao wenyewe, kwa hiyo ufuate kwa macho hadi mwanzo wake kabla ya kusema haupo.

Je, umeme utatosha? Kwa diski moja ya ziada, karibu kila mara utatosha. Diski inapoanza kuzunguka huvuta kiasi cha wati 20 hadi 25 kwa sekunde chache, kisha hushuka chini ya wati 10. Hatari haiko hapo. Hatari iko katika vile viwaya vya bei ndogo vya kugeuza tundu la zamani lenye ncha nne kuwa la SATA. Vile ambavyo plastiki ya kichwa chake imemiminwa juu ya nyaya vinajulikana kwa kuungua, kwa maana nyaya husogea ndani na kugusana. Chagua kile ambacho nyaya zake zimebanwa na unaziona nyuma ya kichwa. Tofauti ya bei ni ndogo sana, na ofisi imejaa karatasi.

Sasa kununua. Diski iliyotumika si mbaya kwa lazima, lakini usinunue bila kuiuliza umri wake. Diski hujiwekea hesabu ya saa ilizofanya kazi na ya sehemu zake zilizoharibika, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huzisoma kwa dakika moja. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski yenye saa 35,000 imewaka miaka minne mfululizo bila kulala. Ikiwa sehemu zilizoharibika zimekwisha kuanza kuhesabiwa, mrudishie mwenyewe. Na anayekuuzia kijidiski cha terabaiti 16 kwa bei ya sahani ya mukeke anakuuzia plastiki.

Kuifunga ni kazi ya dakika kumi. Sukuma diski katika chumba chake, funga skrubu nne, mbili kila upande. Skrubu za diski kubwa zina meno mapana, za diski ndogo zina meno membamba. Usilazimishe moja mahali pa nyingine, wala usitumie ndefu kuliko zilizokuja nayo. Kama kuna vyumba vitatu na diski mbili, acha kimoja wazi katikati ili hewa ipite. Huku kwetu kando ya ziwa joto si la mzaha, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha nyuzi 60 kwa diski. Futa vumbi la feni ungali umefungua. Waya wa habari na wa umeme huingia upande mmoja tu. Ukiona unagoma, ugeuze, usiugandamize. Kile kiulimi cha plastiki cha diski kikivunjika, diski mpya imekwisha kuwa mzigo.

Ukiwasha, huenda usiione diski mpya mahali pa kawaida. Haijaharibika. Diski isiyotumika ni shamba lisilopimwa: lazima uingie katika sehemu ya kusimamia diski, uigawe na kuipa jina. Diski inayozidi terabaiti 2 igawe kwa mpango wa GPT, kwani mpango wa zamani hauoni kinachopita hapo. Hapa ndipo watu walipopotezea kila kitu. Orodha inaonyesha diski mbili, na anayebonyeza kwa haraka hufuta ile yenye hati. Andika kwanza kwenye karatasi ukubwa wa diski ya zamani na nambari yake, na kabla hata ya kushika bisibisi uwe umekwisha kunakili hati zote kwenye diski ya nje.

Mafundi wengine watakushauri kuzifunga diski mbili pamoja ziwe kama kioo, kila kinachoandikwa huku kiandikwe na kule. Hufaa moja ikifa. Lakini mtu akifuta orodha kwa bahati mbaya, au virusi vikizifunga hati, kioo nacho hufuata papo hapo. Kwa matawi yetu tunaona afadhali nakala ya kawaida, inayofanywa siku maalumu kwa mkono wa mtu.

Tena diski mbili ndani ya sanduku moja huibwa pamoja na huungua pamoja. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia majumba ya kando ya ziwa. Umeme nao hukatika na kurudi kwa kishindo, na kishindo hicho hakichagui diski. Kwa hiyo nakala ya tatu, juu ya diski ya nje, ikae nyumba nyingine, kwa mweka hazina au ofisi ya makao makuu, ikiwa imefungwa kwa neno la siri, maana ina majina na mishahara ya watu. Diski iliyokufa pia isitupwe jalalani nzima. Itobolewe sahani zake kwa drili.

Tawi la yule mzee lilifungiwa diski ya pili na fundi wa mitambo wa kiwanda cha chai, mwanachama, ambaye hakuwahi kufungua kompyuta maishani mwake. Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi katibu hufanya nakala na kuandika tarehe katika daftari, na mjumbe mmoja hutia sahihi kwamba ameifungua na kusoma hati moja aliyoichagua mwenyewe. Hati za mzee za miaka sita zimepatikana katika karatasi alizoziweka mkewe. Aliyefanya naye kazi katika miaka iliyobaki na mwenye hati za wakati huo, azilete ofisini. Tutazipiga picha na kumrudishia siku hiyo hiyo.