Hakusindikiza rangi, alisindikiza bendera

Miezi michache baada ya sherehe za Madaraka za mwaka 2025, nilikuwa Uriri, Kaunti ya Migori, kwenye matanga ya mwanajeshi mstaafu ambaye tulisoma naye shule ya msingi. Wasifu wake ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza. Mfawidhi, kijana mchangamfu mwenye sauti ya redio, aliutafsiri sentensi baada ya sentensi maana waombolezaji walikuwa mchanganyiko: Waluo, Wakuria, Wakisii na Waswahili wa mjini Migori. Akafika mahali palipoeleza kwamba marehemu, enzi za ujana wake, aliwahi kuwa katika kombania iliyosindikiza bendera ya kikosi siku ya Jamhuri. Kijana wa watu akasoma: "Marehemu alisindikiza rangi."

Kimya kidogo. Kisha mzee mmoja nyuma yangu akauliza, wala hakunong'ona, "Kwani alikuwa fundi wa kupaka rangi?" Watu wakaangua kicheko. Mjane hakucheka.

Simlaumu sana mfawidhi. Kosa hilo tumelilea sote, wakiwamo watangazaji wetu ambao kila Jamhuri hutuambia kwamba sasa linafuata "gwaride la rangi". Katika Kiingereza cha jeshi, neno "colour" halimaanishi rangi ya kitu. Ni bendera ya kikosi, ile inayokabidhiwa na Amiri Jeshi Mkuu, yenye nembo ya kikosi chenyewe, na ambayo wanajeshi huipigia saluti inapopita. Zamani za vita vya baruti, moshi ulitanda hata mtu asimwone mwenzake. Askari aliyepotea alitafuta bendera ya kikosi chake ili ajue pa kukimbilia. Ndipo ikawa desturi kuipitisha polepole mbele ya safu za wanajeshi, kila mmoja aikariri kwa macho. Hicho ndicho kinachorudiwa uwanjani hadi leo, ingawa hakuna moshi. Kwa hivyo tuseme "kupitisha bendera ya kikosi", au kwa kifupi "gwaride la bendera". Na tusilichanganye na "gwaride la heshima", ambalo hukaguliwa na Rais au mgeni wake.

Rangi halisi nazo zina mambo yake. Juni 1 mwaka huo wa 2025, taifa lilikutana Homa Bay, katika uwanja uliopewa jina la Raila Odinga. Nilifuatilia kwenye runinga, kalamu mkononi (ugonjwa wa kazi huo, mke wangu ameshakata tamaa). Katika muda usiozidi nusu saa nilisikia "koti nyekundu", "mikanda meupe" na "viatu nyeusi". Ni koti jekundu na makoti mekundu. Ni mkanda mweupe na mikanda myeupe. Viatu ni vyeusi. Suruali nyeusi na glavu nyeupe walizipata, lakini nashuku waliokolewa na ngeli tu.

Mwanafunzi atauliza: mbona basi tunasema "koti la kijani" na si "koti jijani"? Ni kwa kuwa Kiswahili kina mizizi mitatu tu ya rangi ambayo ni vivumishi kamili vyenye kuchukua viambishi vya ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine zote tumeziazima kutoka kwenye vitu, au kwa majirani. Kijani kimetoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda lake, na manjano kwenye kile kiungo cha mapishi. Rangi ya makuti ya maroni tunaiita damu ya mzee, na sijui lugha nyingine yenye ujasiri huo. Hizi zote zinahitaji kiunganifu: koti la kijivu, kofia ya kahawia.

Wasomaji wangu wa Homa Bay na Migori hawatashangaa. Dholuo nayo ina rachar, rateng' na rakwar, yaani nyeupe, nyeusi na nyekundu. Ukitaka buluu unasema rambulu, na hapo kila sikio linamsikia Mwingereza akipita. Mwaka 1969, Brent Berlin na Paul Kay walichapisha utafiti wao maarufu wakidai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo matatu. Wamekosolewa kwa mengi, lakini kwa hili, Kiswahili na Dholuo, lugha zisizo hata za ukoo mmoja, zinawaunga mkono.

Kaulimbiu ya Homa Bay siku ile ilihusu uchumi wa maziwa na bahari, ambao serikali yetu inauita "uchumi wa samawati". Zanzibar wana wizara nzima ya "uchumi wa buluu". Nani yuko sahihi? Samawati ni neno la Kiarabu lenye asili ya mbingu, yaani rangi ya anga jeupe la mchana. Mwenzangu mmoja idarani hupenda kutania kwamba Wakenya tumeanzisha uchumi wa mbinguni. Mimi, ambaye nimeliona ziwa la Mbita alfajiri na la Karungu jioni, naegemea Zanzibar: maji yale, yakiwa na rangi hiyo, ni buluu. Utofauti huu una faida hata kwenye gwaride. Wanamaji huvaa nyeupe, wanahewa buluu, na wanajeshi wa nchi kavu wana makoti yao mekundu. Anayeita kila buluu samawati hana tena neno la kuitofautisha buluu iliyokolea na ile ya anga.

Na huo wekundu? Utasikia eti ni wa kuficha damu. Si kweli, damu ikikauka kwenye kitambaa chekundu huonekana doa jeusi. Jeshi la Bunge la Uingereza lilivalishwa nyekundu mwaka 1645, na sababu kubwa ilikuwa bei: rangi ya mizizi ya mmea fulani ilipatikana kwa urahisi. Maana ya damu iliyomwagwa ni yetu, tumeitoa kwenye bendera ya taifa, na sioni ubaya. Maana hupewa kitu na wanaokitumia. Lakini babu zetu waliochukuliwa na King's African Rifles hawakupigana kwa wekundu. Walivaa kaki, neno lililotufikia kutoka India likiwa na asili ya Kiajemi, maana yake vumbi. Watu walilifupisha jina la jeshi hilo likawa Keya, na Kiswahili chao cha amri, kisichojali ngeli hata kidogo, kikaitwa Kikeya. Nikisikia "viatu nyeusi" kutoka uwanjani, wakati mwingine nadhani Kikeya hakijastaafu.

Turudi Uriri. Baada ya maziko, bintiye marehemu alinijia na karatasi ile ya wasifu. "Jaduong'," akaniambia, "wewe ni mwalimu wa lugha. Watu wamemcheka baba yangu siku ya kumzika. Alifanya nini hasa siku hiyo ya Jamhuri?" Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, nikichora safu za askari kwa fimbo kwenye mchanga. Mama yake alikuwa ameketi karibu, akisikiliza. Akasema kumbe ndiyo maana mumewe alihifadhi picha moja tu ya jeshini, ile ambayo yeye mwenyewe haonekani vizuri, ila bendera inaonekana.

Waliniomba maneno ya kaburini. Niliandika: "Alikuwa mlinzi wa bendera ya kikosi chake." Fundi wa mjini Migori aliniuliza kama hiyo "ya" haiwezi kuondolewa, apate nafasi. Nikakataa.